Kabla Hujafungua Kompyuta Kule Kyuso

Makindu, Jumapili jioni

Mumbua mwanangu,

Sina maagizo ya safari. Umeshasafiri peke yako vya kutosha, unajua pa kushuka Kitui na pa kupanda tena, na maji ya Kyuso utayazoea kama ulivyoyazoea ya hapa. Habari za soksi na dawa za mbu baba yako amekwambia, nami nilimsikia, kwa hiyo hayo yamekwisha. Ninaandika kwa sababu tulipokuwa tukila ulisema jambo, mimi nikanyamaza, na wewe ukafikiri nimekubali. Sikukubali. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na hasira, na kazi ya uandishi wa habari imenizoesha kutolitoa neno la kwanza linalonijia nikiwa katika hali hiyo.

Ulisema kampuni iliyokuajiri imekukabidhi ule mfano wa kompyuta wa karakana ya Kilonzo. Ubadilishe jina la mji, uondoe mikokoteni ya punda, uweke mashine za kupura ndengu, kisha uwaonyeshe watu wa karakana ya Kyuso kana kwamba ni karakana yao. Ulisema ukurasa wa mwisho unaeleza ni nani wa kuondolewa kazini, na kwamba umeshaandikwa. Nikakuuliza, "Umeshaandikwa kabla hujafika?" Ukajibu, "Mama, ni wa kuanzia tu. Nitafungua na huo wao, halafu nitaona." Kisha ukaomba chumvi.

Nimekaa na hiyo chumvi jioni nzima.

Nitakueleza upya mambo ambayo mengi uliyaona kwa macho yako. Si kwamba nadhani umesahau. Ni kwamba nimekisoma kile kijitabu cha kampuni yako chenye picha ya karakana ya Kilonzo kwenye jalada, na naona kimeanza kuyaeleza kwa namna nyingine. Jambo likielezwa kwa namna nyingine mara nyingi, hata waliokuwepo huanza kulikumbuka hivyo.

Kilonzo ametengeneza mikokoteni ya punda pale nyuma ya soko tangu ukiwa shule ya msingi. Mteja wake mkubwa ni Abdi wa Kyuso, aliyeacha biashara ya mbuzi ya baba yake akaingia kwenye vyuma. Abdi huichukua mikokoteni kabla kiangazi hakijakaza na kuwauzia wachuuzi wa maji huko kaskazini. Mkokoteni ukifika mvua imeshanyesha, hakuna anayeutazama, kwa sababu maji yako mlangoni. Hiyo ndiyo biashara yote ya Kilonzo: kutangulia mvua.

Yule mtaalamu wa kampuni yako alikuja asubuhi moja. Nilikuwepo kwa sababu nilikuwa nikiandika habari za karakana ndogo za kaunti, na nilikuwa nimekaa kwenye tairi kuukuu nikinywa chai ya Kalondu, yule mwanamke anayeipaka rangi mikokoteni. Mtaalamu alisimama karibu na mlango, mbali na cheche, akiwapima watu muda kwa simu yake. Stima ilipotea akiwa papo hapo. Akazima kipimo, akangoja irudi, akakiwasha tena. Chakula cha mchana kilipofika alikuwa amemaliza. Niliandika hilo: aliona asubuhi moja, na hata asubuhi yenyewe aliikata vipande, akatupa vile vipande ambavyo kazi ilikuwa imesimama.

Aliporudi wiki iliyofuata alitundika shuka ukutani akatuonyesha karakana ikitembea kwenye kompyuta. Uigaji, alituambia: unaiga kazi mle ndani, unajaribu mabadiliko, na unajua matokeo kabla hujagusa kitu. Mimi nilipenda. Nataka ulijue hilo, kwa sababu unaweza kufikiri mama yako ni mtu wa kupinga mashine. Nilipenda wazo kwamba mtu anaweza kukosea mahali ambapo kosa halimuumizi mtu.

"Vidoti vyekundu ni nyinyi," akasema.

Muasya, yule fundi wa kuchomelea mwenye bega bovu, akasogea mbele. "Mimi ni gani?"

"Hiki hapa, mzee."

"Mbona sitembei?"

"Unatembea. Ila polepole."

Wakacheka, naye akacheka. Kisha mtaalamu akasema karakana lazima ikonde, upotevu wote utoke, na Kalondu akamjibu kutoka nyuma, "Sisi tulishakonda, kaka. Mkiendelea mtafika kwa mfupa." Wakacheka tena. Hakuna aliyejua kwamba kwenye ukurasa wa mwisho kidoti cha Kalondu kilikuwa kimepakwa kijivu, na pembeni yake pameandikwa "muda usiotumika."

Kwa sehemu kubwa ya siku, ilisema kompyuta, mpaka rangi amesimama. Na ilikuwa kweli. Ningeweza kuthibitisha mimi mwenyewe, maana ni katika muda huo usiotumika ndipo aliponipikia chai. Kilonzo alimwambia siku ya Ijumaa kwamba asirudi. Mwanamke ambaye kila mkokoteni ulioondoka hapa umebeba mwandiko wake kwenye ubao wa nyuma, jina la mwenye punda na mstari wa Biblia aliouchagua, alifungasha brashi zake kwenye mfuko wa unga akaenda nyumbani.

Acha nikwambie kilichonichoma, na bado kinanichoma. Dereva wa kampuni yako alilala kwenye gari kutoka asubuhi hadi mtaalamu alipomaliza. Kiti kimelazwa, viatu dirishani. Hakuna aliyempaka kijivu. Dereva akingoja, anangoja kazi. Kalondu akingoja, ni upotevu. Mtu anayeweza kuandika hivyo hajakosea hesabu. Amechagua mapema ni nani atakayehesabiwa.

Sasa, kwa nini Kalondu alikuwa amesimama? Hilo ndilo swali, na kompyuta haikuulizwa. Kilonzo anaendesha karakana kama mwethya. Wewe umekulia humo: kikundi kizima kinashuka kwenye shamba la mmoja, kinalimaliza, kisha kinahamia kwa jirani, na hakuna anayebaki nyuma. Kwa jembe ni utaratibu mzuri, sijaona ulio bora. Kilonzo aliuhamisha mzimamzima hadi kwenye chuma. Oda ikija, watu wote wanakata. Wanakata vyuma vya mikokoteni yote, hadi ua mzima hauna pa kukanyaga. Kisha wote wanahamia kwenye kuchomelea. Kisha wote magurudumu. Kalondu, aliye mwisho, anangoja mpaka kikundi kizima kimfikie, halafu anazikwa na kazi. Na kama kipimo cha ekseli kilikosewa siku ya kwanza, hakuna anayejua mpaka siku ya magurudumu, na siku hiyo ekseli zote ni fupi.

Alipoondoka, rangi ikawa kazi ya kila mtu, yaani ya yeyote aliyepatikana karibu. Mikokoteni ikajaa ukutani ikiwa mitupu. Abdi alipopiga simu Kilonzo aliweka sauti ya nje, nadhani alitaka mashahidi.

"Kilonzo! Punda wamesimama huku. Wamevaa kamba, wanaangalia barabara."

"Ndugu yangu, rangi haijashika."

"Punda anajua rangi? Lete hivyo hivyo!"

"Chuma kitupu kikipigwa na maji ya chumvi ya huko kwenu kitaoza, kisha utasema Kilonzo anauza takataka."

"Mimi siuzi mikokoteni ya Krismasi, Kilonzo. Mvua ikinitangulia, tafuta Abdi mwingine."

Wewe ulikuwa umerudi nyumbani baada ya mitihani. Uliomba kampuni ile faili ya uigaji uirekebishe, hawakukupa. Nilifikiri utakaa chini ulalamike kama watu wa umri wako wanavyoweza. Ukaenda dukani ukanunua vikombe vya plastiki, ukachukua mkebe wangu wa ndengu, ukachomoa dadu kwenye ludo ya wadogo zako, ukaomba ukumbi wa kanisa.

Nimehudhuria mikutano mingi kazini, ya maji, ya mipaka, ya bajeti. Sijaona uliofunguka vibaya kama ule wako. Watu wa karakana wamekaa, Kalondu umemwita naye amekuja, vikombe vimepangwa: kukata, kuchomelea, magurudumu, rangi. Kila ndengu ni mkokoteni. Kila mtu anarusha dadu kuona leo ameweza mingapi, maana hakuna anayeamka na nguvu sawa kila siku, wala stima hairudi kwa saa. Ukatoa dadu. Mzee wa kanisa, aliyekuwa amekuja kufungua mlango tu, akasimama.

"Hiyo ni nini, msichana?"

"Ni dadu, mzee."

"Dadu. Ndani ya nyumba ya Mungu."

"Hatuweki pesa, mzee. Ni ya kuhesabu tu."

"Wale askari chini ya msalaba pia walikuwa wanahesabu tu."

Nikaona uso wako unaanguka. Kisha Kalondu, bila kuinua macho, "Na mitume walipotafuta mtu wa kuchukua nafasi ya Yuda, mzee, si walipiga kura?"

Mzee akafikiri kwa haki kabisa. "Kura si dadu."

"Basi tupige kura," ukasema.

"Kura pigeni."

Muasya akatumwa kwenye kibanda cha soda akarudi na vizibo. Ukaandika namba ndani ya vizibo, ukavitia kwenye kofia ya Kilonzo, na mzee wa kanisa akavuta kiti akakaa mbele kabisa kuhakikisha kwamba ni kura. Kabla ya raundi kuisha alikuwa akipiga kelele kuliko wote: "Kata! Kata! Umepata nyingi, peleka!"

Mlicheza kwanza kimwethya, ndengu zote zikae kikombe kimoja hadi ziishe ndipo zihame. Tuliona Kalondu akikaa mikono mitupu, raundi baada ya raundi. Kila mtu alikuwa akikiangalia kikombe cha Kalondu. Kisha mkacheza ya pili, kila ndengu ikimalizika inasukumwa mbele mara moja. Mkokoteni wa kwanza ukatoka upande wa pili wakati ambapo katika mchezo wa kwanza wangekuwa bado wanakata. Ukatia ndengu moja nyeusi, ekseli iliyokosewa, tukaiona magurudumuni mapema, ikiwa moja, badala ya kuikuta baada ya nyingine zote kukosewa.

Kilonzo hakufurahi. "Sasa unataka kila mtu asimame peke yake kama nguzo ya stima? Sisi tunafanya kazi pamoja. Ndivyo tulivyolelewa."

"Bado mko pamoja," ukamwambia. "Mnapokezana."

"Kupokezana si kuwa pamoja."

Alikuwa na jambo la kweli hapo, na sikusikia ukimjibu. Lishike. Utaratibu huu wako wa kuondoa upotevu unaondoa na vitu vingine usivyovipima: nyimbo, mzaha, yule mwepesi kumfunika aliye mzito bila mtu kujua nani ni nani.

Na hapo ndipo lilipotokea lile la Muasya. Kazi ilipoanza kusukumwa moja moja, ndengu zilijaa kwenye kikombe cha Muasya. Zikafurika zikamwagika mezani. Vikombe vya mbele yake vitupu, cha kwake kinatapika. Mtu akasema, "Ndiye huyu amekalia mikokoteni ya Abdi!" Wakacheka, lakini si kile kicheko cha kwanza cha vidoti. Muasya akainuka akachukua koti lake. Mlangoni akasema, "Kompyuta ilisema mimi ni polepole. Sasa hata ndengu." Akatoka.

Ulitaka kumwandikia ujumbe wa simu. Nilikuzuia, na ninakumbuka ulivyonikasirikia. Asubuhi ulienda mwenyewe ukasimama kando yake karakanani, ukasimama siku hiyo na iliyofuata, stima ikiwepo na isipokuwepo, na cheche zikakutoboa ile blauzi ya kijani. Ndipo ulipoona kwamba Muasya anapochomelea si mzito hata kidogo. Muda wake unaliwa na kugonga magamba ya chuma kilichoungua, kusugua kutu, na kulazimisha vipande vilivyokatwa pogo vikutane. Mlima wa kazi ulikuwa mbele yake, lakini si yeye aliyeujenga.

Ukarudi na vikombe. Safari hii ulihamisha kitu kimoja tu: muda wa Kalondu wa asubuhi, ule wa kijivu, ukauweka kando ya Muasya kwa kugonga na kusugua, hadi mikokoteni ianze kumfikia upande wa rangi. Ndengu zikatembea. Muasya alikuwa amerudi, amesimama nyuma akijifanya amefuata kofia ya Kilonzo, na mlima wake ulipoyeyuka alivuta kizibo cha raundi ya mwisho yeye mwenyewe.

Kalondu alirudi kazini. Mikokoteni ikawa inatoka michache michache lakini kila mara, na Abdi akawa anaituma kaskazini kwa kila lori lenye nafasi. Wa mwisho ulipakiwa mawingu yakiwa yameanza kukusanyika, na haukulowa. Abdi alimpigia Kilonzo kumwambia kwamba rangi ya bluu haikumpendeza. Kwa Abdi, hiyo ni shukrani.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Sasa fungua kijitabu cha kampuni yako. Kuna picha ya ile mikokoteni, na hata mkono wa Kalondu unaonekana ukiwa na brashi. Chini yake wameandika kwamba uigaji wao wa kompyuta ulitambua wafanyakazi wasio na tija, karakana ikawapunguza, na mikokoteni ikawahi soko. Mumbua, wamechukua mkono wa mtu waliyemfukuza, wakautumia kuthibitisha kwamba kumfukuza kulisaidia. Nimeandika habari za wezi wa ng'ombe walioona aibu kuliko hao.

Nilipokuuliza kwa nini hukuwaambia, ulisema uliwaambia. Wakasema hayo ni maelezo madogo madogo, yatakuja katika toleo lijalo. Kisha wakakupa kazi. Sidhani walikununua, sijafikia huko. Nadhani waliona una akili, wakaona ni nafuu uwe upande wao wa meza. Nawe umekaa bila kazi tangu umalize masomo, umechoka kuniomba nauli, na hilo silidharau. Lakini hata hivyo uliniambia, "Nikikataa watamtuma mwingine." Hiyo sentensi nimeisikia kwa watu wengi niliowahoji. Aliyetia saini kisima kisicho na maji aliisema. Aliyegawa mbegu zilizoliwa na wadudu aliisema. Kila mmoja aliisema kwa sauti ya upole, kana kwamba ananifundisha dunia. Hata siku moja sijakutana na huyo mwingine. Kila mara aliyekuwepo pale alikuwa yule yule niliyekuwa nikizungumza naye.

Kuhusu Kyuso mimi sijui mengi, na wewe hujui zaidi yangu, na kampuni yako haijui lolote. Hilo ndilo la kuanzia. Najua kwamba karakana ile inatengeneza mashine za kupura ndengu, si mikokoteni. Mashine inatakiwa wakati wa mavuno, siyo wakati wa kiu. Mvua ikinyesha, mafundi wenyewe wanaacha vyuma wanakwenda kupanda ndengu zao, na sidhani kuna kidoti kwenye faili yako kinachokwenda shambani. Huenda huko hakuna Kalondu anayengoja. Huenda kuna watu wengi kupita kiasi kweli, na mwenye karakana anajua, na anaogopa kusema kwa sababu ni wajomba zake. Sikukatazi kuliona hilo kama lipo. Ukilikuta, liseme, na uliseme mbele yao. Ninachokukataza ni kuondoka nalo Makindu ukiwa umelifunga kwenye begi.

Mhariri wangu wa kwanza alikuwa mtu mkavu, na mimi nilikuwa msichana wa miaka yako nikidhani kuandika ni kupanga maneno. Nilimletea habari ya kiwanda kidogo cha maembe kilichofunguliwa, mashine zinazunguka, wageni wanapiga makofi. Akaisoma akaniuliza, "Uliona au uliambiwa?" Nikasema niliona. "Uliona mashine zinazunguka kwa ajili ya wageni. Rudi siku isiyo na wageni." Nilirudi. Lango lilikuwa na kufuli, na mbuzi amelala mbele yake. Nimerudia swali hilo kila siku ya kazi tangu hapo, na limenigharimu marafiki, na mara moja lilinigharimu ajira, wewe ukiwa mdogo, tukahamia kwa bibi yako kule Kalamba kwa msimu mzima. Ulipapenda. Mimi nilipachukia, kwa sababu kila jirani aliyepita alinishauri niombe msamaha. Sikuomba. Nikaja kupata kazi nyingine, ndogo zaidi, ndiyo hii iliyokusomesha. Sikwambii haya kwa sababu yaliisha vizuri. Yangeweza kuisha vibaya, na ningekuwa nimeuliza swali lile lile.

Kwa hiyo jua jambo moja kabla hujapanda gari. Siku utakayowaonyesha watu wa Kyuso kazi yako, nitakuja. Ni mkutano wa wazi, uliniambia mwenyewe, hata watu wa kaunti wamealikwa. Mhariri atasema siwezi kuandika habari ya mwanangu, na atakuwa na haki. Ataandika mwenzangu wa Mwingi, ambaye hakujui na hana huruma, nami nitakaa kando yake kwenye benchi la nyuma bila kumnong'onezea neno. Akimaliza kusikiliza, atauliza lile swali, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha kazi. Uliona, au uliambiwa?

Ukiweza kumjibu kwamba uliona, ukamtajia mahali uliposimama na mtu uliyesimama naye, basi hata ukurasa wako wa mwisho ukiwa mchungu, nitautetea popote. Ukimfungulia karakana ya Kilonzo iliyobadilishwa jina, ataandika jina lako kwa herufi zote, la kwanza na la baba yako, nami sitampigia simu kumwomba alifute. Kisha jioni nitakuja kulala kwako, kama una kitanda cha pili au kama huna. Hayo ni mambo mawili tofauti na sitaki uyachanganye.

Wakikufuta kazi kwa kuchelewesha ukurasa wao, chumba chako kiko hapa. Wadogo zako wataudhika, wameshagawana kabati.

Kalondu alipita jioni ulipokuwa umekwenda kuaga. Nilimweleza unakokwenda na utakachofanya, kwa sababu mimi sifichi habari. Akasema, "Mwambie huko akimkuta mtu amesimama, amuulize anangoja nini." Akaniachia vizibo vya soda. Ameviosha na kuvipaka namba upya kwa rangi ya bluu, ile ya Abdi.

Chapati ziko kwenye karatasi, mayai kwenye bakuli la kijani. Vizibo nimevitia kwenye mfuko wa mbele wa begi lako, mahali pa kompyuta, na kompyuta nimeihamishia chini ya nguo. Ule mkebe ulioko juu ya meza nao ni wako. Usimpe mwenye nyumba wako wa Kyuso. Ndengu zilizomo si za kupika.

Mama